Mkanda wa Jumeli Niliompelekea Pacha Wangu

Goreti, Shemsa, na nyinyi wengine wa pale kibarazani tunaposhonea, mtaa wa Asiatique: siku niliyorudi mliniona nashuka kwenye taksi nimekumbatia begi langu kifuani kama mtoto mchanga, halina mkanda hata mmoja, na mmeniuliza mpaka mmechoka. Nilikuwa nawajibu "nitawaeleza" tu. Sasa nimetulia. Kaeni niwape yote.

Asiatique: chupa mbili kifuani

Mnajua nina pacha. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Msikitini yeye ni Hamisi na mimi ni Zaituni, lakini mama hakuwahi kutuita hivyo hata siku moja. Wakati wa vita tulikimbilia Tanzania tukiwa vijana. Mama na mimi tukarudi Bujumbura, Bukuru akawa ameshaoa kule upande wa Mpanda, akabaki. Mke wake alifariki, watoto hawakujaliwa, na yeye akaendelea kuishi ukingoni mwa pori, anafanya kazi na kambi ya wawindaji wenye vibali. Kazi yake ni kutangulia na kuangalia kwa mbali. Nyati yule ni dume mzee au bado kijana? Yule nyuma yake ni jike? Bukuru akisema bado, hakuna anayepiga risasi.

Basi akanipigia simu. "Butoyi, nitengenezee mukanda wa jumeli."

Nikacheka. Jumeli kwetu ni darubini, neno la Kifaransa, lakini kwa Kifaransa hichohicho jumeli ni mapacha pia, nikadhani ananitania. "Mukanda wa kutufunga mi na we? Si mama alishachoka kutubeba pamoja?"

Naye akacheka, halafu akaeleza. Mkanda wa kawaida unaning'inia shingoni kutwa nzima na shingo yake siku hizi inachoka. Wageni wanaokuja kuwinda amewaona wanavaa kitu kama begi la mgongoni, ila mzigo uko mbele: uzito unakaa mabegani, jumeli inatulia kifuani, ukiivuta inakuja machoni, ukiiachia inarudi mahali pake. "Ila kisipige kelele," akasema. "Nyati akisikia chuma kinagonga chuma, umemukosa." Mwisho akasema jambo ambalo sauti yake ilijaribu kulipitisha haraka: meneja wa kambi amemwambia kwamba akishindwa kubeba jumeli, msimu huu hatakwenda mbele tena. Atabaki kambini kuosha sufuria.

Mliona nilivyohangaika. Nilifumua mikanda ya begi la shule la bluu, nikakata kipande cha ngozi cha mviringo, mahali pa mikanda kukutania mgongoni, nikashona lastiki pana kwenye ncha za mbele ili ziweze kuvutika. Pete za chuma nilizizungushia mpira wa baiskeli zisigongane. Jumeli yenyewe sikuwa nayo. Bukuru alisema ukubwa wake ni kama chupa mbili za soda zimekaa ubavu kwa ubavu, nikajaza chupa mbili mchanga, nikazifunga pamoja, nikazivaa na kutembea nazo barabarani. Goreti akapiga kelele mpaka kwa wauza vitambaa: "We Zaituni, siku hizi unanyonyesha chupa?"

Vipimo nilivichukua kwenye mwili wangu mwenyewe. Tangu utotoni nguo moja ilitutosha sisi wawili, kwa hiyo sikuona haja ya kumuuliza.

Kitu ambacho sikuwaambia ni hiki. Ningeweza kuutuma mkanda kwa madereva wa Kigoma. Lakini kule nyumbani kwangu Gasenyi nilikuwa nimeshapaka chumba cha nyuma chokaa, nimeweka kitanda na chandarua kipya. Niliondoka na mkanda nikitaka kurudi na mtu.

Njia ya ziwa, kungoja esansi

Taksi ya Rumonge ilijaa mapema lakini haikuwa na esansi, yaani petroli. Dereva alituacha ndani ya gari tumebanana, akaenda kutafuta, akarudi mikono mitupu, akaenda tena. Mama mmoja aliyekaa mbele alitoa ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga kwenye kikaratasi, zikazunguka gari zima. Jua lilikuwa limeshapanda dereva aliporudi na bidoni la esansi kichwani, anacheka kama ameoa. Tulimpigia makofi.

Kuna sehemu ambazo ziwa limekula barabara, gari linapita taratibu huku maji yako palepale chini ya dirisha lako. Rumonge tulishuka kubadilisha gari, harufu ya mawese imeenea stendi nzima. Nikanunua chupa moja kwa ajili ya Bukuru, maana mama alikuwa akipika maharage na mawese, na nilijua kule hayapati haya ya kwetu. Nyanza-Lac nililala kwa shangazi yake Shemsa. Alinipikia samaki wa mukeke na ubugari, yaani ugali, akanikemea kwa kula kidogo. Shemsa, amekusalimia sana, na anasema hupigi simu.

Mpakani, na malenge ya Kigoma

Upande wa pili wa mpaka, dada mmoja wa ukaguzi alifungua begi langu akavuta mkanda, akauinua juu, miguu ya lastiki ikining'inia.

"Mama, hii ya kubebea nini?"

"Ya jumeli."

"Jumeli ndiyo nani?"

"Ya kuwindia," nikasema, na neno lilipotoka nikajua nimekosea. Akaniangalia kuanzia mtandio mpaka ndala, akijaribu kumwona jangili ndani yangu. Nilipokosa neno nikakunja vidole vya mikono yote miwili, nikaviweka machoni kama vioo, nikageuka kuangalia mlima.

"Aaa, darubini!" akasema, akacheka mpaka akaegemea meza. Alitaka nimwonyeshe unavaliwaje. Nikamvalisha yeye juu ya sare yake, akatembea hatua chache amejaa maringo, wenzake wakamshangilia. Alipouvua aliukunja vizuri kuliko nilivyoukunja mimi.

Kigoma nilifika nikiwa na njaa. Kwenye mgahawa karibu na stendi niliagiza ugali, mgebuka na lengalenga. Kijana wa mezani akainamisha kichwa kwa heshima, akakawia, akarudi na ugali, samaki, na bakuli la maboga yaliyochemshwa.

"Hii nini?"

"Malenge, mama. Tumeyafuata sokoni."

Kumbe wao majani yale wanaita mchicha. Wametoka mbio kwenda kununua boga kwa ajili ya mgeni. Nililila lote. Lilikuwa tamu, na sikuwa na moyo wa kumwambia.

Ng'ambo ya Uvinza, basi limegoma

Basi la Mpanda liliondoka alfajiri. Tulipita Uvinza, msitu ukafunga pande zote mbili za barabara, na katikati ya msitu huo basi likatoa sauti kama mtu anayejisafisha koo, likasimama. Fundi aliingia chini yake. Sisi tukashuka, tukakaa kwenye kivuli chembamba cha miti iliyokuwa inapukutisha majani.

Pembeni yangu alikaa mfuga nyuki mmoja anayeitwa Kashindye, mwanamume wa rika langu, ana ndoo mbili za asali na vidole vilivyovimba. Alikata mhogo wa kuchemsha, akachovya kwenye asali, akanipa bila kuuliza kama nataka. Nikamwambia ninakokwenda, nikamwuliza kama anamjua Bukuru.

Akafikiri. "Bukuru hapana. Kijiji kile nakijua, mizinga yangu iko karibu. Hakuna Bukuru."

"Yuko. Anafanya kazi na wawindaji, anaangaliaga wanyama kwa jumeli, kwa darubini. Ni pacha wangu, yeye alitangulia."

"Pacha aliyetangulia!" Akapiga goti lake. "Basi si ni Kulwa! Sisi huku wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Kwa hiyo wewe ndiye Doto." Akawageukia abiria wengine akawatangazia, "Jamani, huyu ni Doto wa Kulwa!" na kuanzia hapo basi zima likaniita Doto, hata fundi aliyekuwa chini ya gari.

Nilifurahi sana. Nikautoa mkanda nimwonyeshe. Kashindye aliupapasa kwa vidole vyake vinene, akasifu mshono, halafu akaguna.

"Doto, bluu hii? Mbung'o wanapenda bluu kuliko ng'ombe. Atavaa hii watamla mzima."

Nikaona aibu, lakini yeye alikuwa sasa anauangalia mkanda kwa namna nyingine. Akashika ule upande wa kushoto.

"Na hapa unakaa begani?"

"Ndiyo. Pande zote mbili, uzito ugawanyike."

"Bega la kushoto," akasema polepole. "Hakukwambia?"

Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Msimu uliopita Bukuru alianguka kutoka juu ya gari la kambi lilipoingia shimoni. Mfupa wa bega ulivunjika. Walimpeleka Mpanda, akafungwa, lakini mfupa ulijiunga vibaya. Bega limeanguka, na mkanda ukikaa shingoni mkono unakufa ganzi mpaka kwenye vidole. "Tunamwita Kulwa wa Bega," akasema. "Tulidhani kwao wanajua."

Kila Ijumaa alikuwa ananipigia simu. Kila Ijumaa aliniuliza kama nakula vizuri. Mi nikajipima mbele ya kioo, nikashonea mabega mawili mazima, nikasema ni ya Bukuru.

Basi lilipowaka watu wakashangilia. Mi nikapanda nikakaa na mkanda mapajani, na njia nzima mpaka Mpanda sikuona kitu.

Kijijini

Pikipiki ilinishusha mbele ya nyumba ya tofali na bati. Jirani aliponiona tu akaita, "Kulwa! Njoo uone uso wako umevaa mtandio!"

Alitoka akiwa ameinama kupita mlangoni, na aliponyooka, upande mmoja haukunyooka. Alikuwa amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, maneno yote nilikuwa nimeyapanga kwenye pikipiki, lakini nilipofika mbele yake niliweka tu kiganja changu juu ya lile bega, juu ya mfupa ulioungana kama kidole kilichokunjwa. Hakujitoa.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Basi zima."

Akacheka, machozi yakimtoka. "Nilitaka nikuambie nikipona."

"Na kama haungepona?"

"Ningekuambia nikizoea."

Nilimpikia maharage na mawese ya Rumonge. Alikula akiwa amefumba macho. Baadaye nikamvalisha mkanda, ingawa nilijua. Upande wa kulia ulikaa vizuri kabisa. Wa kushoto uliteleza kutoka kwenye bega, ukashuka mpaka kwenye kiwiko, na jumeli ikamlalia ubavuni kama mtoto aliyesinzia. Akajaribu kuuvuta juu kwa mkono wa kulia, akatabasamu, ukashuka tena.

"Bado ni mzuri," akasema.

"Nyamaza," nikamwambia.

Hapo ndipo nikasema lile nililokuja nalo. Nikamwambia kuhusu chumba, chokaa, chandarua. Nikamwambia Gasenyi kuna majirani wema, msikiti hauko mbali, atakaa na mi pale kibarazani Asiatique, ataongea na watu. "Tumezeeka, Bukuru. Twende nyumbani."

Aliangalia mstari wa miti nyuma ya nyumba, mahali pori linapoanzia.

"Chumba nakitaka," akasema. "Usimpe mutu. Lakini, Butoyi, kule nitaangalia nini? Ukuta? Hapa asubuhi nikipanda kilima najua kila kundi limelala wapi. Macho yangu bado mazima. Ni bega tu." Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Niache nifanye kazi ninayoijua mpaka inikatae yenyewe. Halafu nitakuja."

Kesho yake meneja alikuwa anakuja kuchukua watu wake na kuona kama Bukuru anaweza.

Niwaambie ukweli. Mkanda ule ulikuwa mikononi mwangu. Nikiuacha vile ulivyo, anashindwa mbele ya meneja, na kabla ya wiki kwisha tuko Gasenyi. Hakuna ambaye angenilaumu. Mngesema nimefanya vizuri kumrudisha. Nilikaa kwenye mkeka jioni ile nimeshika sindano, yeye yuko uani anachota maji kwa mkono mmoja huku anaimba taratibu nyimbo za mama, na nikafikiria jambo hilo kabisa. Nililifikiria kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Kisha nikachukua wembe, nikafumua mshono wa kushoto.

Mkanda haukuwa na haja ya kupita juu ya bega lile. Ungepita chini ya kwapa, uzunguke mbavu, ukutane mgongoni na ule wa kulia, na uzito wote uende kwenye bega zima na kwenye kifua. Kitambaa cha bluu hakikufaa, na mikanda ya begi langu la safari ilikuwa ya kahawia, rangi ya majani makavu. Nikaikata yote miwili. Sasa mnajua ilikokwenda.

Nilimwita, nikampima juu ya mwili wake, mara hii yeye mwenyewe. Ainue mkono. Ashushe. Apumue. Achuchumae, maana alisema wakati mwingine wanakaribia wanyama kwa kutambaa. Kila nilipomgusa chini ya kwapa alicheka kama zamani, nikamwambia atulie nisimchome. Nilishona mishono miwili miwili, na kwenye zile sehemu zinazobeba uzito, mitatu. Sijawahi kushona kitu vizuri kama kile.

Kilimani

Meneja alikuwa mtu mzima, mpole, na nadhani hakuipenda kazi aliyokuja kufanya. Alinisalimia, "Karibu sana, Doto," akatuomba tupande naye kilima kidogo kilicho nyuma ya kijiji. Bukuru alitangulia. Mi nilihema, jamani, na meneja alihema, lakini Bukuru alipanda kama anakwenda kunawa uso. Jumeli ilikaa kifuani mwake imetulia. Sikusikia hata pete moja.

Juu kulikuwa na mwamba. Meneja akaonyesha bonde, mbali sana, mahali nilipoona vumbi la njano tu. "Kuna nini pale, Kulwa?"

Bukuru aliinua jumeli kwa mkono wa kulia. Lastiki ikavutika, ikaja. Mkono wa kushoto aliupandisha mpaka kwenye mbavu tu, akaushikiza pale kama nguzo. Akakaa hivyo muda mrefu. Mi nilikuwa naangalia vidole vyake vya kushoto, nasubiri vitetemeke. Havikutetemeka.

"Nyati," akasema. "Majike na watoto, wanaondoka majini. Madume wawili nyuma. Mmoja pembe zake zimeungana ngumu kwenye paji, huyo mzee. Mwingine katikati bado kuna nywele. Huyo kijana, asiguswe."

Meneja akachukua darubini yake mwenyewe, akaangalia, akarekebisha, akaangalia tena. Alipoishusha aliguna, akamshika Bukuru bega la kulia. "Unaenda mbele," akasema. Kisha akaniuliza kama naweza kuwashonea wengine kambini. Nikasema tutaona.

Kabla hatujashuka Bukuru aliuvua mkanda akanivalisha mimi, akaufupisha kidogo. "Angalia," akasema. Kwanza niliona ukungu, akanizungushia kile kigurudumu cha katikati, na ghafla nyati jike alikuwa pale, karibu kabisa, na ndege mdogo amekaa juu ya mgongo wake. Nilirudi nyuma kwa hofu. Bukuru alicheka mpaka akakaa chini kwenye mwamba. Nikaelewa ni kitu gani ambacho ukuta wa Gasenyi usingempa.

Gari la kambi lilikuwa linangoja barabarani, wanaume wengine wameshapanda nyuma. Tuliagana pale. Aliniambia nile vizuri, nikamwambia akae katikati ya gari, asikae pembeni. Akanishika mkono, akauweka juu ya mfupa wa bega lake, kama mimi nilivyofanya siku ya kwanza, na akaushikilia pale kidogo. Halafu akapanda, jumeli imerudi kifuani mwake, wenzake wakamvuta kwa mkono mzima.

Gari likaondoka. Njia ile imenyooka, inakwenda mbali sana kabla ya kuingia kwenye miti. Nilipunga mkono. Vumbi likainuka, gari likawa dogo, watu wakawa vidoa tu, na sikuweza tena kujua yupi ni ndugu yangu. Kitu cha mwisho nilichokiona ni mtu mmoja kati yao anainua kitu machoni kwa mkono wa kulia.

Jirani akaniambia, "Doto, twende ndani, wameshapotea."

Lakini yeye alikuwa bado ananiona. Kwa hiyo niliweka mtandio wangu sawa, nikafuta macho, nikasimama katikati ya barabara nikitabasamu.